Mashine Haijafa: Kwa Nini Printa na Diski za Afisi Hukataana na Tarakilishi

Mkazi anayefuatilia stakabadhi katika afisi ya umma huenda akakutana na mojawapo ya majibu mawili: "printa imekataa" au "diski haifunguki". Hulazimika kurudi siku nyingine na kulipa nauli mara mbili kwa ajili ya karatasi moja. Mgonjwa aliyebeba picha za hospitali katika CD huenda akaambiwa apigwe picha upya, kwa gharama yake mwenyewe.

Neno "imekataa" huficha jambo muhimu. Printa iliyochapa vizuri hadi Ijumaa na kugoma Jumatatu baada ya afisi kuletewa tarakilishi mpya, kwa kawaida haijaharibika. Ndivyo ilivyo pia kwa diski inayofunguka kwenye tarakilishi moja na kukwama kwenye nyingine. Vifaa hivyo ni vizima, ila haviafikiani. Tofauti hii ina uzito wa kifedha: kifaa kibovu hubadilishwa kwa kununua kingine, lakini kifaa kisichoafikiana na tarakilishi mara nyingi hurekebishwa kwa gharama ndogo au bila gharama yoyote. Asiyeijua tofauti hiyo hutupa printa nzima, au humrudisha mgonjwa kwenye mashine ya picha bila sababu.

Ufafanuzi ufuatao unaeleza chanzo cha kukataana huko, jinsi ya kukitambua, na mambo ambayo mkazi anaweza kuyaomba kabla hajaondoka kwenye dirisha la huduma.

Mambo matatu yanayopaswa kuafikiana

Printa, skana au mashine ya kuchoma diski hufanya kazi na tarakilishi iwapo mambo matatu yamekubaliana.

La kwanza ni tundu na waya: je, kebo ya kifaa inaingia kwenye tarakilishi, na je, inapata umeme wa kutosha? La pili ni draiva, yaani programu ndogo inayoieleza tarakilishi kwamba kifaa kilichounganishwa ni cha aina gani na kinaamrishwa vipi. La tatu ni mpangilio wa data yenyewe: lugha ambayo printa inaielewa, au namna faili zilivyopangwa kwenye diski.

Kwa mfano rahisi, tundu ni barabara, draiva ni mkalimani, na mpangilio wa data ni lugha. Barabara ikifungwa, ujumbe haufiki. Mkalimani asipokuwapo, ujumbe hufika lakini hakuna anayeuelewa. Lugha ikiwa ngeni, hata mkalimani hushindwa. Fundi makini hukagua mambo hayo moja baada ya jingine, akianza na lile rahisi kuliko yote, ambalo ni waya.

Tundu na waya

Printa za zamani ziliunganishwa kwa kebo nene yenye pini nyingi, kwenye tundu pana lililojulikana kama LPT. Tundu la USB lilianza kutumika mwaka wa 1996, na polepole likachukua nafasi ya LPT. Tarakilishi nyingi zinazouzwa leo hazina LPT kabisa. Afisi zinazoathirika zaidi ni zile ambazo bado zinatumia printa za kugonga utepe wa wino, zile zenye kelele zinazochapa risiti zenye nakala za kaboni. Printa hizo ni imara na hudumu miaka mingi, hivyo huishi kuliko tarakilishi zinazounganishwa nazo.

Suluhisho la kawaida ni adapta ya kutoka USB hadi LPT. Adapta hiyo hutosha kwa kazi nyingi za kuchapa kutoka Windows. Hata hivyo, programu za kale zilizoundwa enzi za DOS, ambazo hutuma maneno moja kwa moja kwenye LPT, huenda zisiitambue. Hapo tarakilishi ya mezani inaweza kuongezewa kadi ya ndani yenye tundu la LPT.

Vichomaji vya diski navyo vina historia kama hiyo. Vichomaji vya zamani vilivyofungwa ndani ya tarakilishi vilitumia utepe mpana wa nyaya uitwao IDE. Baada ya mwaka wa 2003, utepe huo ulianza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kebo nyembamba ya SATA. Kichomaji cha IDE hakiwezi kuchomekwa kwenye tundu la SATA bila adapta, hata kikiwa kipya ndani ya boksi. Vipakatalishi vingi vya sasa navyo havina sehemu ya kuingizia diski, kwa hivyo afisi hutegemea kichomaji cha nje kinachounganishwa kwa USB.

Kichomaji cha nje kina tatizo lake: umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa milliampia 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Kuchoma diski huhitaji nguvu zaidi kuliko kuisoma. Matokeo yake ni kwamba kichomaji husoma diski vizuri, lakini kikianza kuchoma hukatika katikati na diski huharibika. Wengi hulaumu diski. Mara nyingi dawa ni kukichomeka moja kwa moja kwenye tarakilishi badala ya kupitia kigawanyaji cha USB, au kutumia kebo yenye vichwa viwili vinavyochota umeme kutoka matundu mawili.

Draiva: mkalimani anayestaafu

Kiini cha migogoro mingi ya printa ni draiva. Kampuni iliyotengeneza printa huandika draiva kwa ajili ya mifumo endeshi iliyokuwapo wakati huo. Miaka inapopita, kampuni huacha kuandika draiva mpya kwa printa za zamani. Printa yenyewe haina kasoro, lakini imekosa mkalimani kwa mfumo mpya.

Mabadiliko makubwa yalitokea tarakilishi zilipotoka kwenye mifumo ya biti 32 na kuingia kwenye ya biti 64. Windows ya biti 64 haikubali draiva ya kifaa iliyoandikwa kwa biti 32. Kwa hivyo printa inayofanya kazi kwenye tarakilishi ya zamani huweza kukataliwa na mpya, ingawa zote mbili zina jina la Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo la biti 32 kabisa.

Kalenda ya Microsoft nayo husukuma afisi kubadilisha mifumo. Usaidizi wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na ule wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopokea masasisho ya usalama ni hatari kwa afisi inayohifadhi taarifa za wakazi, kwa hivyo kuhamia mfumo mpya ni jambo la lazima. Ila kila uhamisho wa mfumo ni siku ya hukumu kwa printa na skana za zamani.

Aina ya printa huamua itakavyosalimika. Baadhi ya printa zina uwezo wa ndani wa kuelewa lugha za uchapishaji zinazofahamika kote, kama vile PCL iliyoanzishwa na HP au PostScript iliyoanzishwa na Adobe, zote kutoka miaka ya 1980. Printa ya namna hii hata ikikosa draiva yake yenyewe, inaweza kutumia draiva ya jumla inayozungumza lugha hiyo. Printa nyingine, hasa za bei nafuu, hazina lugha hiyo ndani yake. Kazi yote ya kuupanga ukurasa hufanywa na tarakilishi, na printa hupokea nukta tu. Draiva yake ikikosekana, printa hiyo haina la kufanya. Ndiyo sababu printa ya bei ya chini dukani huweza kuwa ghali zaidi ndani ya miaka michache.

Kuna njia ya tatu. Printa nyingi za miaka ya karibuni zinaweza kuchapa bila draiva maalumu, kwa utaratibu wa pamoja uitwao IPP. Ndio unaowezesha simu kutuma kazi kwa printa kupitia Wi-Fi; Apple ilianzisha huduma yake ya AirPrint mwaka wa 2010 kwa msingi huo. Septemba 2023, Microsoft ilitangaza kwamba itapunguza hatua kwa hatua usambazaji wa draiva za watengenezaji kupitia Windows na kuegemea IPP. Kwa afisi inayonunua printa leo, ujumbe ni wazi: printa inayoelewa IPP ina maisha marefu zaidi mbele yake.

Printa moja, afisi nzima

Printa inayotumiwa na maafisa wengi kupitia mtandao wa afisi hukumbwa na matatizo ya ziada. Manne kati ya hayo hujitokeza mara kwa mara.

Tatizo la kwanza ni anwani. Kila kifaa kwenye mtandao kina nambari yake, na nambari hiyo huweza kubadilika umeme unapopotea na kurudi. Tarakilishi huendelea kutafuta printa kwenye nambari ya zamani na kutangaza kwamba haipo. Afisa wa ICT akiipa printa nambari isiyobadilika, tatizo hilo huisha.

Tatizo la pili ni Wi-Fi. Printa nyingi hutumia masafa ya gigahazi 2.4 pekee. Afisi ikibadilisha ruta na kuweka mtandao wa gigahazi 5 tu, printa haiuoni. Nenosiri la Wi-Fi likibadilishwa, printa nayo lazima ipewe nenosiri jipya.

Tatizo la tatu lilitokana na usalama. Mwaka wa 2021 kasoro kubwa iligunduliwa katika huduma ya uchapishaji ya Windows, ikapewa jina la PrintNightmare. Microsoft ilitoa sasisho la dharura mwezi Julai, na mwezi Agosti ikaweka sharti kwamba ni msimamizi wa mfumo tu anayeweza kuweka draiva ya printa. Tangu hapo, afisa wa kawaida anayejaribu kujiunganisha na printa ya pamoja huulizwa nenosiri ambalo hana. Jibu sahihi ni kumwita afisa wa ICT aiweke. Kuizima kinga hiyo ili kazi iende haraka ni kuacha mlango wazi kwa wezi wa data.

Tatizo la nne huhusu mashine kubwa zinazopiga nakala, kuchapa na kuskani. Nyingi za zamani hutuma nakala zilizoskaniwa kwenye folda ya tarakilishi kwa njia inayoitwa SMB1. Njia hiyo ina udhaifu, na ndiyo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry kilichosambaa duniani Mei 2017. Kuanzia matoleo ya Windows 10 ya mwishoni mwa mwaka huo, SMB1 haiwekwi tena bila kuombwa. Mashine ikawa inapiga nakala vizuri lakini haiwezi kutuma faili. Inafaa kwanza kuangalia iwapo mtengenezaji ametoa sasisho la mashine hiyo linalotumia njia mpya zaidi. Kama halipo, nakala zinaweza kuhifadhiwa kwenye flashi au kutumwa kwa baruapepe, bila kuirejesha SMB1.

Diski: si kila inayong'aa husomeka kila mahali

Diski zote zina umbo moja, na hapo ndipo mkanganyiko huanza. CD hubeba megabaiti 700, DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, DVD ya tabaka mbili hubeba 8.5, na Blu-ray ya tabaka moja hubeba 25. Kisomaji kipya husoma diski za kizazi kilichotangulia, lakini kile cha zamani hakisomi za baadaye. Kisomaji cha CD hakisomi DVD, na cha DVD hakisomi Blu-ray, hata diski ikiingia vizuri kwenye nafasi yake.

DVD zenyewe zina makundi mawili yaliyoanzishwa na kampuni zilizokuwa zikishindana: DVD-R na DVD+R. Mashine za zamani zilisoma kundi moja tu. Za baadaye husoma yote mawili, lakini afisi yenye vifaa vya umri tofauti inafaa kuhakikisha aina inayonunua inakubalika kwenye mashine zake zote.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuifunga diski. Anayechoma diski huweza kuiacha wazi ili aongeze faili nyingine baadaye. Diski iliyoachwa wazi mara nyingi husomeka kwenye mashine iliyoichoma na kukataa kwingine. Mtu akiingiza diski tupu kwenye Windows huulizwa achague kati ya njia mbili: kuitumia diski kama flashi, au kuitayarisha kwa visomaji vya CD na DVD. Njia ya kwanza ni rahisi kwa kazi za ndani ya afisi, lakini mashine za zamani huenda zisiielewe. Diski inayokabidhiwa mkazi inafaa kuchomwa kwa njia ya pili, kisha ifungwe.

Joto, jua na mikwaruzo huharibu diski zilizochomwa, kwa kuwa data imeandikwa kwenye rangi inayoathiriwa na mwanga. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari haina maisha marefu. Karatasi ya gundi ikibandikwa juu yake huweza kuvuta upande mmoja na kuitikisa inapozunguka. Ni bora kuandika kwa kalamu laini ya wino wa maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Picha za hospitali katika CD

Hapa ndipo kukataana kwa vifaa humgusa mkazi moja kwa moja. Picha za CT na MRI, na eksirei za kidijitali, huhifadhiwa kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho DICOM. Hospitali inapomchomea mgonjwa diski, kwa kawaida huweka vitu viwili: picha zenyewe, na programu ndogo ya kuzitazama. Programu hiyo mara nyingi imeundwa kwa Windows pekee.

Daktari wa hospitali nyingine akiingiza diski, huenda programu hiyo ikazuiwa na kinga ya virusi, ikawa ya zamani kwa mfumo uliopo, au ikashindwa kabisa kwa kuwa tarakilishi ni ya Apple. Hapo husemwa kwamba diski haifunguki. Lakini picha huenda ni salama kabisa. Zinaweza kufunguliwa kwa programu nyingine yoyote inayoelewa DICOM, na hospitali zenye vitengo vya picha huwa na programu za namna hiyo. Dalili ya kutazama ni faili iitwayo DICOMDIR kwenye orodha ya faili za diski. Ikiwapo, mgonjwa ana sababu ya kuomba kitengo cha picha kijaribu kabla ya kukubali kupigwa picha upya. Mbali na gharama, CT na eksirei hutumia mionzi, na si vyema mtu kuipokea mara ya pili kwa sababu ya programu iliyokataa.

Mgonjwa anayepewa rufaa anashauriwa kuomba diski ifunguliwe mbele yake kwenye tarakilishi tofauti na ile iliyoichoma. Aombe pia ripoti ya mtaalamu wa picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Karatasi haihitaji draiva.

Mashine zinazochoma na kuchapa diski kwa pamoja

Taasisi zinazotoa diski nyingi hutumia mashine maalumu zinazofanya kazi mbili. Mkono wa mashine hubeba diski tupu kutoka kwenye rundo, huiweka ndani ya kichomaji, kisha huipeleka kwenye printa ndogo iliyo ndani ya kisanduku hichohicho ili jina, nambari na tarehe vichapwe juu yake. Jina likichapwa na mashine, makosa ya kubadilisha diski za watu wawili hupungua.

Ugumu wake ni kwamba kisanduku kimoja kina vifaa vitatu: kichomaji, mkono na printa. Kila kimoja huhitaji draiva, na vyote huongozwa na programu ya mtengenezaji iliyoandikwa kwa matoleo maalumu ya Windows. Tarakilishi ikibadilishwa, huenda kichomaji kikatambuliwa lakini mkono usisogee, au diski ikachomwa bila kuchapwa jina. Diski nazo huchagua printa: printa ya wino huhitaji diski zenye uso uliotengenezwa kupokea wino. Kwenye diski ya kawaida inayong'aa, wino hupakaa na kutoka kwenye vidole.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadilisha tarakilishi inayoendesha mashine kama hiyo, ni muhimu kuthibitisha kwa mtengenezaji iwapo programu yake ina toleo la mfumo mpya. Kama halipo, tarakilishi ya zamani inaweza kuachwa kwa kazi hiyo tu, ikiwa imetengwa na intaneti na mtandao wa afisi, huku mpango wa kuibadilisha ukiandaliwa.

Kabla fedha za umma hazijatumika

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 60, inataka mahitaji ya bidhaa yaelezwe kwa uwazi bila kutaja chapa ya kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kwa usahihi na bidhaa zinazolingana nayo zinakubaliwa. Kwa vifaa vya afisi, kuafikiana ni sehemu ya maelezo hayo. Anayeandika "printa moja" kwenye mahitaji hukaribisha printa yoyote, ikiwemo ile isiyofanya kazi na tarakilishi zilizopo.

Maelezo mazuri hujibu maswali machache: Kifaa kitaunganishwa na mfumo endeshi gani, toleo gani? Je, kinaelewa PCL, PostScript au IPP? Kina tundu gani? Mtengenezaji ameahidi masasisho kwa muda gani? Wino na vipuri vinapatikana nchini? Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 48, inaweka kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa. Kifaa kikijaribiwa kwenye tarakilishi halisi za afisi siku ya kupokelewa, kasoro hubainika wakati muuzaji bado anawajibika.

Mkazi ana haki gani?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma kuamua ombi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari hizo zinahusu maisha au uhuru wa mtu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ada inayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala, na haipaswi kuzidi gharama halisi.

Sheria hiyo pia inamruhusu mwombaji kuomba habari katika umbo tofauti na lile zilimohifadhiwa, pale inapowezekana na kwa gharama yake. Mkazi asiye na kisomaji cha DVD hana haja ya kuondoka na diski asiyoweza kuifungua. Anaweza kuomba faili kwa baruapepe au nakala za karatasi. Kwa hati, PDF ndiyo chaguo salama zaidi, kwa kuwa imekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka wa 2008 na hufunguka hata kwenye simu.

Anayepeleka rekodi ya kielektroniki mahakamani azingatie kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kinahitaji cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Cheti hicho kinafaa kushughulikiwa mapema, pamoja na kuhakikisha kwamba diski inafunguka kwenye tarakilishi nyingine.

Hatua za kufuata kifaa kikikataa

1. Angalia waya na umeme. Jaribu tundu jingine na kebo nyingine.
2. Kama ni printa, chapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe. Ukitoka, printa ni nzima na tatizo liko kwenye tarakilishi, draiva au mtandao.
3. Kama ni diski, ijaribu kwenye tarakilishi nyingine, ikiwezekana ile iliyoichoma. Ikifunguka huko, nakili faili zake mara moja na kuzichoma upya kwenye diski iliyofungwa.
4. Uliza ni nini kilichobadilika: tarakilishi mpya, sasisho la Windows, ruta au nenosiri?
5. Pata draiva kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji pekee. Tovuti zinazotoa draiva za kila kifaa bila malipo huweza kuficha virusi.
6. Ikiwa hakuna draiva kwa mfumo mpya, jaribu draiva ya jumla ya PCL au PostScript, au utaratibu wa IPP. Tarakilishi yenye mfumo wa Linux nayo inaweza kuendesha baadhi ya printa zilizoachwa na Windows.
7. Amua kununua kifaa kipya baada ya hatua hizi kushindikana.

Kifaa ambacho kweli kimefika mwisho nacho kinahitaji uangalifu. Baadhi ya mashine kubwa za kunakili zina diski ya ndani inayohifadhi hati zilizopitia humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu. Hifadhi hiyo ifutwe kikamilifu au iharibiwe kabla ya mashine kuondoka afisini. CD na DVD zenye taarifa za wakazi zivunjwe au zikatwe, na vifaa vyenyewe vipelekwe kwa wachakataji wa taka za kielektroniki waliopewa leseni na NEMA, wala visitupwe kwenye jaa la kawaida.